Mama Orodha na Folda ya Koki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa kumi jioni, mtunza ghala wetu atafunga droo ya meza yake kwa mara ya mwisho, atakabidhi funguo na kutoka kwa mlango wa mbele. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya utumishi katika idara yetu ya maji. Sote tunamwita Mama Orodha. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, na ameniomba libaki huko huko.

Alianza kama mpiga chapa, katika chumba cha chini chenye feni moja na mashine nne zilizopiga kelele kutwa. Kompyuta zilipoletwa, wenzake wawili waliomba uhamisho. Yeye aliomba kitabu cha maelekezo, akaenda nacho nyumbani. Baadaye idara ilipoanza kutumia mfumo unaotunza kila faili ya kazi pamoja na kila badiliko lake tangu siku ya kwanza, alipewa yeye ausimamie. Mfumo huo tunauita ghala, ingawa hauna mlango wala makuli.

Wageni hushangaa wanapoona anavyoanza siku. Saa moja na nusu asubuhi, kabla hajagusa chai, huliuliza ghala lina nini. Ghala humpa orodha: folda moja baada ya nyingine, na chini ya kila folda majina ya faili zilizomo, aliyeziingiza na tarehe. Huichapa, huweka rula chini ya mstari wa kwanza, kisha huteremka nayo polepole huku orodha ya jana ikiwa kando. Faili ikipotea anajua. Ikizuka mahali pasipo pake, mwenyewe anaitwa. Mkuu wa idara aliwahi kutolewa kikaoni kuulizwa kuhusu faili aliyoipa jina "mpya ya mwisho kabisa ya kweli", na alirudi kikaoni akiwa mpole.

Mimi yalinikuta mwaka wangu wa kwanza. Nilikuwa nimemaliza ratiba ya pampu, nikajipiga kifua mbele ya watu kwamba faili imo ghalani, si hii hapa naiona kwenye skrini? Mama Orodha hakubishana. Alinishika mkono wa shati kama mtoto mtundu, akanipeleka hadi kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi, ambayo haijawahi kuiona kazi yangu, akaliuliza ghala orodha ya folda yangu. Faili haikuwemo. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye kompyuta yangu tu, nikasahau kuipeleka.

"Ulichokiona ni cha mezani kwako, mwanangu," aliniambia. "Ghala halijakiona."

Nilinuna wiki nzima. Nilidhani ametaka kuniaibisha. Sikujua bado ni nini kilichomfundisha kuuliza kwa kompyuta nyingine.

Haya yanayofuata ameniruhusu kuyaandika. Niseme kweli: ameniagiza niyaandike, na amesema nisiyapake sukari.

Miaka kumi na tisa iliyopita idara hii ilikuwa na fundi bomba mmoja aliyezoeleka kwa jina la Mzee Koki. Bomba likipasuka mtaani, lazima maji yafungwe kwanza, na yanafungwa kwa koki kubwa zilizozikwa chini ya barabara, chini ya vifuniko vya chuma. Upande wa zamani wa mji hakuna aliyejua tena koki zipo wapi. Bomba moja likipasuka, upande mzima wa mlimani ulikauka, hospitali ya wazazi ikiwemo. Mzee Koki alichukua ndoano ya chuma na chaki, akatembea mitaa mia moja na kumi na miwili kwa miezi kumi na minne. Kila jioni alirudi na viatu vya tope na kuandika faili ya mtaa aliomaliza: koki iko hatua ngapi kutoka kona ipi, inazungushwa mara ngapi, inageukia wapi, na ikifungwa nani atabaki na maji. Daftari alilotembea nalo likijaa alilitupa, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimeshaingia kwenye kompyuta.

Kisha akaugua, akalazwa. Kompyuta yake ikatakiwa ifutwe apewe mfanyakazi mwingine. Mama Orodha aliagizwa ahakikishe kwamba kazi ya mzee imo ghalani. Alikaa kwenye kiti cha mzee, akafungua folda ya Koki, akahesabu faili mia moja na kumi na mbili, akaandika kwenye fomu maneno mawili: Zimo zote. Kompyuta ikafutwa alasiri ile ile.

Alikuwa amehesabu za kompyuta ya mzee. Ghalani mzee alikuwa ameingiza folda tupu tu, siku alipoifungua, na faili hata moja hakuipeleka. Alidhani zinakwenda zenyewe.

Mzee alirudi baada ya wiki sita, amekonda, na mkongojo. Akakaa mbele ya kompyuta mpya, akaita folda yake kutoka ghalani. Ikaja tupu. Mama Orodha alikuwa amesimama nyuma yake. Anasema mzee aliitazama ile skrini, kisha akamgeukia yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa analia.

"Usilie, binti yangu," alimwambia. "Koki hazijahama."

Mwaka haukuisha, mzee akazikwa.

Idara ilisema haina mtu wa kuirudia kazi hiyo. Wapo waliopendekeza folda ya Koki ifutwe, maana ilikuwa inajaza mstari kwenye orodha bila faida. Mama Orodha ni mtu wa upole, lakini siku hiyo, wanaokumbuka wanasema, alipandisha sauti mpaka karani wa ghorofa ya juu akachungulia ngazini. Folda haikufutwa. Kila asubuhi rula yake ilifika pale, ikakuta jina la folda na chini yake hakuna kitu, na kila asubuhi alisimama hapo kidogo kabla ya kuendelea.

Kisha Jumatatu moja chini ya lile jina pakatokea mstari. Faili moja, mtaa mmoja, imeingizwa na Mama Orodha mwenyewe.

Alikuwa amekwenda kumwomba mjane wa mzee ile ndoano ya chuma. Tangu hapo, Jumamosi aliyopata nafasi, alishika njia na mumewe, fundi cherehani mwenye mgongo mbovu na mdomo usiochoka, wakaenda kutafuta koki. Mume alishika mwavuli na futi yake ya kupimia nguo. Watu waliwadhania wezi wa vifuniko, na mara mbili walihojiwa na askari. Mume alizoea kulalamika kwamba wenzake hutembea na wake zao ufukweni, yeye anatembezwa kwenye mashimo. Hakukosa Jumamosi hata moja ambayo mgongo ulimruhusu. Kuna mitaa waliyoimaliza kwa saa moja na kuna mmoja uliowachukua mwaka na nusu kwa sababu koki ilikuwa imefunikwa na lami. Ilipofika miaka mitano ya mwisho sisi wote tulikuwa tunaihesabu folda ya Koki kama watu wanaofuata ligi, na Jumatatu asubuhi hakuna aliyeanza kazi kabla ya kuchungulia kama pametokea mstari mpya.

Mwaka jana bomba lilipasuka chini ya hospitali ya wazazi. Mafundi waliitisha faili ya mtaa ule, wakafunga koki mbili tu, na wodi haikukosa maji hata dakika moja. Yeye siku ile aliniambia tu kwamba faili ile ni ya tisini na nne, na bado kumi na nane.

Mwezi huu ulipoanza ulibaki mtaa mmoja. Koki yake ilikuwa chini ya sakafu ya kinyozi. Kinyozi alikataa mara tatu. Alikuwa ameweka vigae vipya na alivionea fahari. Mara ya nne Mama Orodha hakumwomba kitu. Alikaa kwenye benchi la wateja, akamsimulia habari za Mzee Koki tangu mwanzo hadi mwisho, akaaga. Jumamosi iliyopita kinyozi alifunga duka, akang'oa vigae vinne kwa mkono wake, na kifuniko kikaonekana.

Jumatatu hii Mama Orodha aliingiza faili ya mtaa huo, lakini hakuitazama kwenye kompyuta yake. Alikuja mezani kwangu, mezani kwa mtu aliyewahi kumnunia, kwa sababu alijua sijawahi kuwa na nakala ya folda ile. Aliniomba niliulize ghala. Nikaliuliza. Akaniomba nisome kwa sauti.

Nilisoma majina ya mitaa yote mia moja na kumi na miwili. Nilipofika katikati simu ya mapokezi ililia, ikaachwa ilie. Nilipomaliza aliniambia nisome tena wa mwisho. Nikausoma. Ndipo akachukua karatasi ya orodha ya siku hiyo, akaiweka juu ya meza yangu, na kwa kalamu ya risasi akaandika chini yake maneno yale yale mawili aliyoyaandika miaka kumi na tisa iliyopita. Safari hii aliweka na sahihi.

Mama, tunakushukuru kwa kila asubuhi ya ile rula, na tunamshukuru mzee wa cherehani kwa Jumamosi zake. Sasa mpeleke ufukweni. Tunawaombea afya, usingizi mzuri, na njia zisizo na mashimo. Kuanzia Jumatatu ijayo orodha nitaisoma mimi, saa moja na nusu, kabla ya chai.

Nenda kwa amani, Mama Orodha. Zimo zote. Tumeuliza kwa kompyuta nyingine.