Mzunguko wa Mwalimu Restituta

Mwaka 1975, ndani ya basi la Ujiji, nilikaa nyuma ya Restituta, mwalimu wa kisomo cha watu wazima. Baiskeli yake ilikuwa juu ya basi. Mnyororo wake ulikuwa umekatika kwenye mlima wa Simbo.

“Mwanangu, omba uhamisho,” alisema mzee aliyekaa naye. “Ufukweni, kwenye michikichi, milimani, maili thelathini kwa baiskeli kila siku! Utaumia.”

“Nimeshaumia, mzee wangu. Lakini kesho wanafunzi wangu wana mtihani. Bibi Siwema ana miaka sabini, na juzi aliandika jina lake.”

“Na usipofika?”

“Nitafika.”

Mzee alicheka. Mimi nilikuwa nimeyaona magoti ya Restituta yaliyochubuka alipopanda basi, sikucheka.

Basi liliposimama, Restituta alishusha baiskeli akaikokota kwa fundi. Mzee aliendelea kumshauri dirishani.