Mama Tokeni-Nje, Aliyemuuliza Bibi Harusi

Dada yetu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Mama Tokeni-Nje, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa fundi seremala na mkewe. Mama yetu aliolewa akiwa na miaka kumi na minne. Alizoea kusema kwamba siku ya harusi yake aliulizwa jambo moja tu: kama amekula. Dada alilisikia hilo akiwa mdogo na hakulisahau.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1970. Ripoti zake zilisifu mwandiko, na karibu zote zililalamika kwamba anauliza mno.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika ofisi ya kuandikisha ndoa, chumba chenye meza moja, benchi koridoni na feni iliyozunguka ikipenda. Hapo alianza utaratibu wake. Kabla ya kugonga mhuri aliwaambia bwana harusi, wazazi na mashahidi, "Tokeni nje," akafunga mlango na kumuuliza bibi harusi, "Mwanangu, unataka?" Aliwauliza hata wajane wenye wajukuu. Mmoja wao alicheka mpaka bwana harusi, mzee wa watu, akakaa sakafuni koridoni akidhani amekataliwa.

Tarehe 10 Desemba 1977 aliolewa na shemeji yetu, fundi saa. Siku hiyo alitutoa nje sote, pamoja na mwandikishaji mwenzake, akamuuliza bwana harusi. Shemeji akajibu, "Nikisema sitaki, huo mlango utanifungulia?" Walijaliwa watoto watatu.

Julai 1984 aliletwa binti wa miaka kumi na mitano. Sheria ya wakati ule iliruhusu, mradi baba akubali. Mlango ulipofungwa, binti alisema anataka kumaliza shule. Dada akatoka.

"Bibi harusi hajakubali."

"Mama, soma sheria," baba akasema. "Ridhaa ni yangu mimi."

"Basi na shela uvae wewe."

Benchi zima liliangua kicheko. Bwana harusi, mwenye duka la mabati, alitangulia kuondoka, na ndoa ile haikufungwa tena popote. Dada alipewa onyo na kuhamishiwa dawati la vifo. Alisema huko wateja hawana ubishi.

Mwaka 1996 kamati ilikuja kukusanya maoni kuhusu kupandisha umri wa kuolewa hadi miaka kumi na minane. Wakili mmoja alisema sheria isiingie nyumbani kwa watu. Mzazi mmoja akauliza, je, binti akishapata mimba? Dada akajibu kwamba mimba haimwongezei mtu miaka. Ndipo akasimama diwani mstaafu.

"Mimi wangu nilimwoa ana kumi na tano. Hajalalamika hata siku moja!"

"Umemuuliza, kaka?"

Diwani alikwenda nyumbani kula chakula cha mchana, akamuuliza. Alirudi na njaa yake, akaomba maoni yake yafutwe. Sheria ilibadilishwa mwaka 1998. Dada alistaafu mwaka 2006.

Mwaka 2022 figo zilianza kumsumbua. Tulimzunguka kitandani hospitalini tukijadili upasuaji na daktari, na tulipokaribia kuafikiana akafumbua macho.

"Tokeni nje. Daktari, wewe baki uniulize mimi."

Mlango ulipofunguliwa alikuwa amechagua kurudi nyumbani. Baadhi yetu tulinuna. Alifariki kitandani kwake asubuhi ya tarehe 19 Agosti 2023, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na sisi wadogo zake wawili. Ameacha pia yule binti wa mwaka 1984, ambaye sasa ni mkunga, aliyeolewa akiwa na miaka thelathini kwa hiari yake. Leo alfajiri ndiye aliyemwosha dada. Tulikuwa tumejaa chumbani, kila mtu na maelekezo yake. Akatugeukia akasema, "Tokeni nje." Tukatoka.

Dada yetu amekwenda kwa ridhaa yake mwenyewe. Apumzike kwa amani.