Mama Mizani, Aliyeyeyusha Alumini Chakavu Ikawa Ndoo Nyepesi

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mizani, alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika chumba cha uani nyuma ya karakana ya baba yetu, mchomeleaji vyuma. Alikuwa mtoto wa kwanza. Mimi ninayesoma ndiye niliyemfuata, na wa mwisho. Mama yetu aliwachotea watu maji kwa ndoo ya chuma, na shingo yake ilipinda kabla hajatimiza miaka arobaini. Marehemu ndiye aliyekuwa akimkanda kila jioni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978 na kumaliza darasa la saba mwaka 1984. Alifaulu, lakini mwaka huohuo cheche ilimpofusha baba jicho moja, ikabidi binti abaki nyumbani kusaidia. Alirudi darasani akiwa na miaka kumi na tisa, kwenye kozi ya jioni ya ufundi wa metali, mwanamke peke yake kati ya wanaume ishirini na saba. Mwalimu alimwuliza, “Binti, umepotea? Ushonaji uko jengo la pili.” Akajibu, “Nimeshapita huko, mwalimu. Nimekuta sindano haziyeyuki.”

Tarehe 6 Julai 1992 aliajiriwa kiwandani kuchambua alumini chakavu: fremu za madirisha, nyaya, makopo ya vinywaji, vipande vya injini. Sisi wengine tuliona lundo moja tu. Yeye aligonga kipande kwa kucha, akakikwaruza, akasema hiki laini, hiki kigumu, na hiki mkikichanganya na kile ndoo itapasuka ubavuni. Mwaka 2003 akawa mkuu wa tanuri. Yeye na fundi wa mashine ya kubonyeza walihangaika miezi kumi na minne, wakitupa na kuyeyusha upya, hadi wakapata mchanganyiko uliokubali kubonyezwa mwembamba bila kupasuka. Ndoo ya chuma ya lita ishirini ilikuwa na kilo tatu ikiwa tupu. Ya kwao haikufika kilo moja na robo. Kila iliyotoka aliipima kwanza kwa kiganja, ndipo wakampa jina la Mama Mizani. Ndoo ya kwanza alimpelekea mama. Mama akaiinua, akaitua, akasema, “Umechelewa, mwanangu.” Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona dada akilia.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 9 Desemba 1995 na dereva wa lori lililokuwa likileta chakavu kiwandani. Wiki ya kwanza ukweni alipita jikoni akigonga sufuria moja baada ya nyingine, akatenga mbili akisema zimechanganywa na uchafu wa betri, zisipikiwe tena. Mama mkwe akamwuliza mwanawe, “Huyu kaja kuolewa na wewe au kaja kukagua vyombo vyangu?” Baadaye wakawa chanda na pete. Walijaliwa mabinti wawili.

Mwaka 2009 aliniombea kazi getini, niwe mpokeaji wa chakavu. Siku ya kwanza alinishika bega, akaniambia, “Mdogo wangu, kazi yako ni moja tu. Kitu chenye maji kisinifikie.” Maji yakizama ndani ya metali iliyoyeyuka hulipuka. Ndiyo maana kila robota, yaani furushi la chakavu lililobanwa na kufungwa, hukaushwa bandani siku mbili kabla ya kuingia tanurini.

Wiki ya mwisho ya Mei mwaka huu mvua haikukatika. Jumanne tarehe 3 Juni 2025 msimamizi wa zamu aliniambia, “Banda limejaa na oda inatoka Ijumaa. Pitisha.” Ningeweza kukataa. Dada alishakataa mara nyingi, na hakufukuzwa. Nilichukua chaki nikaandika KAVU kwenye marobota kumi na moja, kwa mkono wangu.

Aliuona mwandiko wangu, akauamini. Saa nne na dakika kumi asubuhi robota la tatu lilitumbukizwa, tanuri likatapika. Alimsukuma mwenzake wa zamu nyuma ya ukuta. Yeye mwenyewe hakuwahi. Mwenzake huyo yupo nasi hapa leo.

Alilazwa siku ishirini na tatu. Siku ya ishirini na moja nilipata ujasiri.

“Dada, yale marobota yalikuwa yamelowa. Mimi ndiye niliyeandika.”

“Najua. Mwandiko huo nilikufundisha mimi.”

“Nisamehe.”

Aliutazama mkono wangu. Kisha akauliza, “Nani mwingine anajua?”

“Msimamizi.”

“Basi siku ya kunizika usome wewe, na uyaseme yote. Wasije wakaandika eti ajali tu, halafu kesho mwingine akaamini chaki.”

La msamaha hakulijibu. Figo zake zikashindwa kazi, na Alhamisi tarehe 26 Juni 2025, saa tisa alasiri, alifariki dunia akiwa na miaka hamsini na minne.

Jana nilimweleza mkaguzi wa usalama kazini maneno hayahaya, nikatia sahihi. Leo nimeyasema mbele yenu, kama alivyoagiza. Wenzake wa tanurini, nawasihi: guseni kabla ya kusoma.

Wazazi wetu walishatangulia. Marehemu ameacha mume; mabinti wawili, mmoja muuguzi na mwingine mwalimu; mjukuu mmoja wa miezi saba; mama mkwe, ambaye tangu msiba utokee hajataka kula; na mdogo wake, mimi.

Dada, pumzika kwa amani, mahali penye ubaridi.