Mzee Alute Anashuka Kilimani Mvua Zikija

Katika kituo chetu cha kurushia matangazo, hapa kilimani Ulemo, hakuna mwenye bahati kama mimi. Miaka kumi na tisa chini ya mnara, na radi haijanikuta zamuni hata siku moja! Nimefika Lusaka, nimefika Mombasa, sijaona mwenye nyota kama yangu.

Lakini leo si sherehe yangu, ingawa ingependeza zaidi. Ni ya Mzee Alute Simoni, fundi mitambo, anayestaafu tarehe 30 Novemba 2025 baada ya miaka thelathini na mmoja. Mawingu ndiyo hayo yanakusanyika, na zamu zake za miezi ya mvua hazina mtu. Ofisi imeuliza mara tatu. Mafundi wote, ghafla, wana migongo mibovu.

Aliajiriwa mwaka 1994, akapanda kwa miguu na betri begani. Cheo hakijawahi kumfuata huko juu, na ukiliona koti lake utakielewa hicho cheo.

Wageni ndio balaa. Nusu yao hudhani mtangazaji anakaa ndani ya mnara. Bibi Rebeka alipanda na kadi ya salamu, anataka isomwe papo hapo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Alute akampa kiti na maji, kisha siku yake ya mapumziko akaipeleka ile kadi studio mjini. Mtu wa kupoteza muda namna hiyo!

Akaja mkubwa mmoja, viatu vinang'aa, wingu limeshafunga, anataka apigwe picha ameushika mnara.

"Samahani mkuu, rudi kwenye gari," Alute akamwambia.

"Unajua mimi ni nani?"

"Mimi najua. Radi ndiyo haijui."

Alute akazima mtambo. Ngurumo ya kwanza ilipopiga, mkuu alikimbia akaacha kiatu kimoja.

Shamba lake nalo ni kichekesho. Alizeti ya kijiji kizima inachanua, yake ndiyo kwanza inachungulia, maana kila msimu wa kupanda mwenyewe yuko huku juu. Mkewe, Mama Magdalena, amepanda peke yake misimu kumi na tisa. Aliwahi kuniuliza, "Hivi shemeji, huko kwenu zamu za mvua anazo mume wangu tu?" Nikasingizia ratiba.

Mzee wetu, asante kwa yote. Nenda kapande kwa wakati, Mama akukumbushe jembe linashikwaje. Afya iwe yako, na mavuno yajaze ghala.

Zamu zako za mvua nimezisaini leo asubuhi. Ile habari ya bahati ni uongo. Radi yangu ya kwanza ulinikuta nalia chini ya meza, hukumwambia mtu, na tangu siku ile zamu zangu zote za mvua ulizifanya wewe.