Mzee Deeq na Sentimita Sita

Assalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Ni mimi Warsame, mdomo wa Garissa. Leo tunamkumbuka mzee Deeq Gabow, na niseme mapema: katika kaunti hii hakuna aliyemjua Deeq kuliko mimi. Hakuna! Alizaliwa Hadado, katikati ya ngamia wa baba yake...

"Alizaliwa Masalani," anasema Kaaha. "Na hatukuwa na ngamia. Tulikuwa na mbuzi."

Haya. Huyo ni Kaaha, binti wa marehemu, mgeni wangu studioni. Dakika ya kwanza nimeshafungwa mabao mawili.

Mzee Deeq alilinda kituo cha setilaiti pale Masalani. Si dishi la kutazamia mpira, wasikilizaji. Ni nguzo ya zege, na juu yake antena. Antena inasikiliza setilaiti usiku na mchana, na wapimaji wa ardhi wanatumia kituo hicho kujua wako wapi na wako kimo gani. Miaka kumi na mmoja Deeq alifagia pale. Alifukuza ndege, wale korongo, wasikalie antena. Kila kitu alikiandika daftarini, hata kinyesi cha korongo na saa kilipoanguka.

Kisha mafundi wakaja kutoka Nairobi. Wakafungua antena ya zamani, wakafunga mpya. Deeq akaandika aina ya antena mpya, akatuma nakala ofisini siku ileile. Shikeni hilo: aliandika, na alituma.

Ofisini hakuna aliyeingiza aina hiyo mpya kwenye hesabu. Hesabu zikaendelea na jina la antena ya zamani. Na kwenye hesabu, Masalani ikashuka sentimita sita.

Ardhi ilishuka? Haikushuka. Kaaha, aabo, baba yako, alielezaje?

"Alisema ni kama kandili. Una msumari ukutani, umetundika kandili fupi. Ukilitoa ukatundika refu, msumari ni uleule, lakini mwali uko mahali pengine. Sasa mtu anayeona mwali tu, na anadhani kandili ni lile la zamani, atasema msumari umeshuka."

Maskini, alieleza vizuri. Hakuna aliyemsikiliza.

Kwa sababu wakulima wa kando ya Tana walikuwa wanachimba mfereji. Nusu ulipimwa kabla ya antena mpya, nusu baadaye. Hesabu ilisoma kila kimo chini kuliko kilivyo, basi nusu ya pili ikatoka juu kwa sentimita sita. Maji yakaja vizuri, yakafika pale nusu mbili zinapokutana, yakakaa kama mgeni aliyenyimwa chai. Nyanya zikakauka. Watu wakauliza: mlinzi wa kile kitu ni nani? Ni Deeq.

Sasa, mnatujua sisi Wasomali kwa majina ya utani. Ukiwa kilema utaitwa kilema, na mjukuu wako ataitwa mjukuu wa kilema. Deeq akaitwa Zamisha. Jina nililitunga mimi, hapahapa hewani. Nilisema: wanaume wengine wanahamisha mifugo, huyu amezamisha wilaya nzima! Mlicheka. Msijifanye.

Hotelini wakamwekea jiwe chini ya mguu wa kiti: "Zamisha, leo tumekaa kimo gani?" Msikitini wakamwambia asisimame safu ya mbele, asije akamshusha imamu. Ofisi ikamwachisha kazi. Na mdogo wake Kaaha, Ramlo, aliacha shule.

"Hakuacha," anasema Kaaha. "Walimwita binti Zamisha mpaka akakataa kutoka nyumbani."

Hata bila kazi, kila asubuhi mzee alikwenda kituoni. Alikaa nje ya ua wa waya, akifukuza korongo kwa mawe. Jumanne iliyopita alianguka palepale, kifudifudi. Vijana wa bodaboda walipita. Walimwona. Mmoja akapiga kelele: "Oyaa, leo Zamisha anapima kwa tumbo!" Wakacheka, wakaenda zao. Saa mbili nzima alilala pale, wasikilizaji. Saa mbili, juani.

Innalillahi wa inna ilaihi rajiun.

Na jambo linaloniuma ni hili. Ofisi ilikuwa imechunguza. Wakaandika barua: kosa ni la ofisi, mlinzi hana hatia. Jambo moja tu mzee alilitaka duniani: ukweli huo usomwe redioni, kwa sababu redioni ndiko alikochafuliwa. Ole wetu, barua ilifika siku tatu baada ya maziko. Qadari ya Mungu. Kwa mama Safiyo, mjane wake, kwa Ramlo, kwa Kaaha hapa, poleni sana. Na sisi tuliobaki, tujiulize: ndimi zetu zimemzika nani kabla ya siku yake?

"Warsame."

Naam, abaayo, dada yangu.

"Barua ilifika kabla ya Ramadhani. Aabo aliileta hapa, mimi nikiwa naye. Alivaa koti la arusi yake. Tulikaa kwenye benchi lako tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Ulitoka, ukaisoma yote umesimama, ukacheka. Ukamwambia, 'Adeer, mzee wangu, nikiisoma hii, kesho nitawachekesha watu na nini?' Ukaitia mfukoni."

Kaaha... abaayo, tafadhali. Tuko hewani.

"Najua tuko hewani. Ndiyo sababu nilikubali kuja."