Fundi Aliyefungua Mdomo wa Baba Yake

Hakuwa daktari binti yangu, kaka, na hilo neno tumeshalifuta kwenye wasifu huu. Kaka yangu huyu, mjomba wake, aliyekaa mstari wa mbele, bado analitaka lirudi. Anasema linapendeza kwenye karatasi, na marehemu hataamka kubisha. Ndiyo maana sitaki: mtu asisingiziwe cheo akiwa hawezi kujibu. Mwanangu alikuwa fundi wa meno, mwenye shahada ya chuo kikuu, na kila aliyemwita daktari alisahihishwa palepale, awe mgonjwa, awe mchungaji. Daktari huangalia kinywa, huziba na kung'oa. Fundi wa meno hukaa karakanani na nta, plasta na moto, akatengeneza meno ambayo hukuzaliwa nayo, ukayavaa mpaka ukasahau kwamba si yako. Mjukuu wangu anayewasomea haya ameonywa asiruke mstari hata mmoja.

Alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1972, kabla hapajakucha, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtoto wa pili kati ya watano wa kinyozi na muuza mkaa. Siku hiyo ilinyesha mvua ambayo haijanyesha tena. Maji yaliingia ndani kitanda kikaelea, mkunga akanizalisha huku amekizuia kwa mguu kisitoke nami mlangoni. Wanaobisha hawakuwepo. Watoto wengine hutoka wamekunja ngumi kama wanaidai dunia deni. Huyu alitoka viganja wazi, akashika kidole cha mkunga, akakigeuza huku na huku kama anakikagua.

Shule ya msingi alisoma ile iliyo nyuma ya soko, kuanzia 1979 hadi 1985. Sekondari alianza 1986, akamaliza kidato cha sita mwaka 1991. Alikuwa na akili, lakini si ya kukariri. Alitaka kitu akishike. Karibu miaka mitatu akanisaidia kupima mkaa, na hata madebe yangu yaliyobonyea aliyanyoosha, nikapata hasara maana wateja wakaanza kupata kipimo kamili.

Mwezi wa kumi mwaka 1994 alipata nafasi chuo kikuu, kusomea teknolojia ya meno. Baba yake alikuwa ameshawatangazia watu wote kinyozini kwamba binti anakwenda kuwa daktari. Alipoambiwa kozi yenyewe aliweka mkasi chini.

"Meno? Chuo kikuu kizima kinafundisha meno? Meno yanaota yenyewe hata kwa mbuzi!"

"Na yakishatoka, baba, yanaota tena?"

Hapo ndipo penyewe. Baba yake hakuwa na jino hata moja. Yaliondoka yote kabla hajafika miaka hamsini, na kila mtu alipewa sababu yake: huyu aliambiwa ni ajali ya baiskeli, yule aliambiwa ni vita na jambazi. Mimi niliyempikia najua ni sukari. Tangu hapo alinyoa watu akiwa nyuma yao, taulo begani, kiganja mdomoni, na kioo cha dukani alikitundika chini ili mteja aone kichwa chake tu. Mwanamume mwenye maneno mengi kama yule, kuishi amefunika mdomo!

"Nenda," alimwambia hatimaye. "Lakini kwa watu mimi nimesema daktari, na daktari nitaendelea kusema."

Basi akasoma. Mwaka wa kwanza walifundishwa mifupa ya taya na majina ya kila jino, kisha wakaambiwa wachonge. Mazoezi aliyafanyia nyumbani, kwa sabuni zangu za kufulia. Likizo ile mche wa sabuni ulikuwa haumalizi siku moja ndani ya nyumba bila kuwa gego. Tulifua shuka kwa magego, tuliogea chonge. Jirani yetu mmoja aliingia bafuni kwangu akatoka mbio, akasema mle ndani kuna taya la jitu. Mwaka wa pili akajifunza chuma na udongo wa kaure, mwaka wa tatu nta. Alikuwa akikutazama, anakutazama mdomo. Ukicheka, ulikuwa umempa somo.

Mwaka wa nne ndio uliotaka kumshinda. Mtihani wa mwisho wa kwao si wa kalamu. Kila mwanafunzi hutafutiwa au hujitafutia mtu asiye na meno kabisa, anamtengenezea seti nzima, juu na chini, na siku ya mtihani mtu huyo huketi mbele ya walimu, anatafuna na kuzungumza, nao wanapima. Aliyekosa mtu hurudi mwaka unaofuata. Mgonjwa aliyekuwa amepangiwa alihama mji. Zilikuwa zimebaki wiki chache. Mwanangu akaja nyumbani, akakaa mbele ya baba yake, akamwomba mdomo wake.

Sitasahau. Mzee aligeukia ukuta. Kisha akasema, "Mlango ufungwe."

Alikwenda kupimwa kwa siri, kofia usoni kama mwizi wa kuku. Baada ya vipimo kuna siku ya kujaribisha: meno hupangwa kwanza kwenye nta laini ya rangi ya ufizi, mtu anayavaa kidogo, fundi anatazama yamekaaje, halafu yanatolewa na kwenda kutengenezwa kwa kitu kigumu. Mwanangu akamvisha, akampa kioo, akatoka kumwita mwalimu wake aje aone. Kurudi, kiti kitupu. Mzee alikuwa amejiona. Alikuwa amejiona ana meno, na kichwa kikamruka. Alishuka ngazi, akapanda basi, akaenda moja kwa moja kinyozini kuwachekea wateja wake.

Niliitwa kushuhudia. Alikuwa amesimama katikati ya duka, taulo kalitupa, anacheka bila sababu, anamcheka hata mtu aliyekuja na habari ya msiba.

"Mzee, leo umekuwa kijana!" akasema fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye naye alikuwa kibogoyo, lakini hakuona haya.

"Ujana haujawahi kunitoka," mume wangu akajibu, na kwa raha zake akapokea kikombe cha chai, ya moto, inayofuka, akapiga funda kubwa kama mtu mwenye meno.

Nta, wapenzi wangu, haijui ujana. Meno ya mbele yakaanza kuhama. La kulia likaenda kushoto kumsalimia mwenzake, la kushoto likainama, na moja likaanguka ndani ya kikombe. Fundi cherehani akachukua kijiko, akalivua, akaliinua juu watu wote walione.

"Shemeji," akaniambia, "sukari yenu hii haiyeyuki."

Watu walicheka mpaka mmoja akanyolewa sikio. Hilo la sikio mnaweza kulipunguza mkipenda. Lakini baba yake alifunga duka mchana kweupe, akafika nyumbani na nta mfukoni, akajifungia chumbani. Hatarudi chuoni, alisema. Hatafungua mdomo wake mbele ya mtu mpaka afe. Mwanangu alisimama nje ya ule mlango.

"Baba, kosa ni langu. Sikukueleza kwamba ni nta. Mfano wa taya lako ninao kwenye plasta, meno nitayapanga upya. Nisichokuwa nacho ni wewe."

Akagonga mlango.

"Usiponijia Jumatatu, sina mtihani."

Mlango haukufunguka. Akaondoka. Akaenda kuyapanga upya hivyohivyo, jino kwa jino, kwa mdomo ambao hakuwa na uhakika kama utakuja. Mimi hapo ndipo ninapomheshimu kuliko siku zote za maisha yake. Wengine wangelia kwanza.

Siku ya kuamkia mtihani nikabisha mlango kwa mume wangu, nikamwambia asijisumbue, meno yamepata mtu. Fundi cherehani amekubali. Yatasuguliwa kidogo pembeni, yamtoshe yule.

"Meno yangu?" akauliza kutoka ndani.

"Yalikuwa yako."

"Kwenye mdomo wa yule mbeya? Atembee nayo barabarani, mbele ya duka langu?"

"Amesema ataanza kwa kuja kunyolewa."

Fundi cherehani, Mungu amrehemu, hakuwa na habari yoyote. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 15 Juni 1998, mume wangu alikuwa chuoni kabla ya mfagizi.

Mwanangu alimvisha seti ile, ngumu sasa, inang'aa. Walimu wakamwambia atafune, akatafuna. Wakamwambia ahesabu kwa sauti, akahesabu akapitiliza, wakamsimamisha. Mwalimu mkuu wa idara akamwinamia, akamuuliza kama panauma, akasema hapana. Akamuuliza, kama ilivyo desturi yao, "Mzee, haya meno umetengenezewa na nani?"

Angeweza kusema, na binti yangu. Angeweza kusema, na daktari, neno alilolitembeza mtaani miaka minne. Alitoa kiganja mdomoni, kile kiganja, akakiweka gotini.

"Na fundi huyu," akasema. "Fundi wangu."

Tangu siku hiyo hakumwita jina lingine. Kioo cha kinyozini kikapandishwa juu.

Mwanangu alifanya kazi miaka ishirini na mitano katika karakana ya meno ya hospitali, na kuanzia 2011 akafundisha pia chuoni kwake. Wanafunzi wake, wengi mko hapa, mnajua alivyokuwa: rangi ya jino haichaguliwi chini ya taa, huchaguliwa dirishani, mchana. Na hakupenda meno yaliyonyooka kama uzio. Alikuja mjane mmoja kutengenezewa meno ya mbele, akamuuliza, "Mama, ulikuwa na mwanya?" Mama akasema alikuwa nao, na marehemu mumewe aliufuata huo. Akamrudishia mwanya. Yule mama alipojitazama hakusema asante. Alitafuta mkoba, akapaka wanja.

Aliolewa Jumamosi, tarehe 2 Desemba 2000, na fundi umeme aliyeitwa karakanani kutengeneza tanuri. Tanuri lilipona siku ileile, lakini kijana akaendelea kuja kulikagua mwezi mzima. Walijaliwa watoto watatu, na katika nyumba yao sikusikia sauti ikipandishwa ila walipogombea bisibisi.

Mwanzoni mwa mwaka jana alianza kuchoka na kupungua. Ikaonekana ni saratani ya ini. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini miezi kadhaa, akazidiwa tena. Hakuficha ugonjwa wake wala hakuupamba. Alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, mchana, wodini, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Ameacha mume, watoto watatu, mmoja wao yuko mwaka wa pili katika kozi ileile, ndugu wanne, mjomba huyu mpenda vyeo, wanafunzi, watu wasiohesabika wanaotafuna leo kwa kazi yake, mimi mama yake, na baba yake.

Baba yake ameomba asisimame kusema, basi nitamsemea. Alhamisi ile asubuhi tulikuwa naye kando ya kitanda. Meno yanalegea sasa, ufizi umesinyaa kwa uzee, na mwanangu aliligundua hilo akiwa kitandani, kwa kumsikiliza tu.

"Baba, yanacheza. Nenda kwa mwanafunzi wangu, ana mkono mzuri."

"Siendi kwa mtu."

"Utakula nini?"

"Mdomo huu una fundi mmoja."

"Baba, fundi huyo..." Akapumzika kidogo. "Fundi huyo ameshafundisha wengine. Sogea, fungua nione."

Mzee akasogea, akafungua mdomo, wodi nzima ikitazama, wala hakuinua kiganja. Mwanangu akapitisha kidole gumba kwenye ufizi wa baba yake, taratibu, mpaka mwisho wa taya. "Upande wa kushoto," akasema, "mwambie aanzie..."

Muuguzi akaingia akisukuma kitanda cha magurudumu kumpeleka kwenye kipimo, na neno hilo hakulimalizia tena.

Lala, Fundi. Mikono imefanya kazi, nayo ilale.