Alama ya Mgongo wa Teppana

Tarehe ishirini na mbili Agosti, saa kumi na moja alfajiri, Mungu alimchukua Teppana, na tangu saa hiyo benchi lake likabaki na nafasi moja isiyokaliwa. Benchi hilo liliegemezwa kwenye ukuta wa mbele wa nyumba yake ya magogo, pale barabara ya kanisani inapokata kona, karibu na mpaka wa Urusi. Wazee watatu walikuwa wakinywa kahawa hapo pamoja naye kila asubuhi alipokuwa hai, na alipokufa hawakuona sababu ya kuacha. Mjane wake, Oksenja, aliendelea kuwaletea birika. Sasa mwaka ulikuwa karibu kutimia. Alhamisi padri angekuja kusoma sala ya marehemu, na Oksenja alitaka nyumba iwe imepakwa rangi, ile aliyoinunua Teppana kabla ya kuugua. Kuta tatu alikwisha kuziosha, kuzikwangua na kuzipaka. Ulibaki huu wa mbele. Leo ilikuwa Jumamosi, na usipooshwa leo hautakauka kwa wakati. Alisimama kando na ndoo ya maji ya sabuni, akisikiliza.

— Ukuta kama huu, alisema Injinia, ambaye aliwahi kufungua mashine ya kukamulia ng'ombe na mpaka leo haijafungika, unataka bomba la maji ya kasi. Dakika moja tu, rangi kuukuu yote inakimbilia Urusi.

— Na ukuta unaifuata, alisema Barometa, aliyetabiri hali ya hewa kwa goti lake.

— Maji ya moto hayachomi nyumba, mzee mwenzangu.

— Nani kataja moto? Maji ukiyasukuma ndani ya gogo hayatoki. Utapaka rangi juu ya kinamasi. Mti uoshwe mwezi ukipungua, na goti langu linasema mwezi huu haufai.

— Goti lako lilisema pia kwamba Teppana atapona, alisema Nusu.

Oksenja akawaongezea kahawa. Nusu akaomba nusu kikombe, kama kawaida yake. Ilikuwa nusu ya tano.

— Msimamo wangu ni ule ule, aliendelea Nusu kwa sauti ya chini zaidi. Tusiuguse. Uchafu ndio unaoshikilia magogo. Mjomba wangu aliosha nyumba yake, ikapungua kimo. Kabla ya hapo alikuwa akiingia mlangoni wima. Baadaye akawa anagonga kichwa.

— Mjomba wako alikuwa mlevi, alisema Barometa.

— Alikuwa mlevi kabla na baada. Kwa hiyo hilo halihesabiki.

— Mnasahau nyufa, alisema Injinia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ningezijaza saruji zote.

— Gogo linapumua, bwana, alisema Nusu. Wewe ungeliziba pua.

— Njia ya wazee ni chumvi, alisema Barometa. Unapaka chumvi ukutani, unaleta ng'ombe wa jirani Hilma, wanalamba rangi mpaka mti unabaki mweupe. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

— Ng'ombe wangapi? aliuliza Nusu.

— Wawili. Mmoja wa chini, mmoja wa juu.

— Huyo wa juu atasimama wapi?

Barometa alipima ukuta kwa macho.

— Hilo ni swali la injinia, akasema.

Maji ndani ya ndoo yalikuwa yamepoa. Jana pia yalipoa hivyo hivyo.

Gari la posta likasimama. Päivi, mleta barua mpya, alikuwa na wiki moja tu katika njia hiyo. Alimpa Oksenja gazeti, akapewa kikombe cha kahawa na piraka, kile kimkate chembamba chenye wali ndani, akataka kukaa penye nafasi. Mikono mitatu iliinuka kwa pamoja.

— Hapo hapakaliwi, mama, alisema Nusu.

Päivi akanywa amesimama. Alisikiliza habari ya bomba, ya mwezi na ya ng'ombe.

— Na ukuta wenyewe uko wapi? akauliza.

— Si huu hapa, alisema Injinia, akaugonga kwa kisogo.

— Basi mtaondoka lini ili mama auoshe?

Barometa alilitazama goti lake. Goti halikusema kitu. Injinia alichungulia ndani ya kikombe. Nusu aliweka kikombe chini. Päivi akashukuru kwa kahawa, akaenda zake.

Wazee waliinuka, wakalibeba benchi mpaka chini ya mti. Ukutani zilibaki alama tatu nyeusi za migongo na visogo, na ya nne, pana kuliko zote, penye nafasi isiyokaliwa. Injinia alichovya vidole ndani ya ndoo, akainyunyizia ile ya nne. Matone yaliteleza kama juu ya mgongo wa bata.

— Mafuta ya mwili, akasema taratibu. Rangi haitashika hapa.

Oksenja alilijua hilo: alama ile ingebidi isuguliwe mpaka itoke. Ndiyo maana hakuwahi kuwaambia waondoke. Kila Jumamosi, ndani ya sauna, chumba chao cha kuogea kwa mvuke, yeye ndiye aliyeusugua mgongo ule, na Teppana akisema, "Kushoto kidogo." Alipokufa hospitalini, watu wengine walimwosha, wakamaliza kabla Oksenja hajafika.

— Tunaweza kupaka kuizunguka, mama, alisema Nusu. Hii tukuachie.

Oksenja alichukua brashi kando ya ndoo.

— Hapana, baba. Teppana hakuwahi kwenda kanisani na mgongo mchafu.

— Maji yamepoa, alisema Injinia. Nikalete ya moto?

— Kalete.

Wazee wakashika brashi, kila mmoja akaosha alama yake, na kwa mara ya kwanza hawakubishana. Oksenja aliosha ya nne. Aliisugua polepole, kuanzia mabegani kushuka chini, kisha kushoto kidogo. Aliisuuza, akanyunyiza maji safi. Hayakuteleza. Gogo liliyanywa.

Wazee walivua kofia. Oksenja akafanya ishara ya msalaba kwa mkono wenye povu.

— Ee Bwana, mpumzishe mtumishi wako Teppana penye nuru, pasipo maumivu wala kuugua. Umwoshe kila doa ambalo sisi hatukulifikia. Kumbukumbu yake na iwe ya milele. Amina.